Masika ya Kuhesabu Malori

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nimelinunua leo mchana kwa hasira. Jina langu ni Agnela. Ni mjane, nalima viazi na karoti hapa Ilmorijo, upande wa magharibi wa Mlima Meru, na tangu Novemba ni mjumbe wa serikali ya kijiji kwa tiketi ya upinzani. Nilishinda kwa kura nane. Nayaandika haya mwanzoni kabisa ili siku likikamatwa daftari, asitafutwe mtu mwingine.

Asubuhi tulikuwa na mkutano wa kijiji. Halmashauri ilimtuma afisa mapato, mtu nadhifu anayeitwa Arnold. Tuliomba kitu kimoja tu: kalavati kwenye korongo, pale ambapo njia yetu ya kwenda zahanati na mjini hukatwa na maji kila masika. Arnold akafungua kompyuta yake, akasoma kidogo, akasema bila kupepesa macho:

"Ndugu wananchi, kata yenu inachangia kidogo mno. Kata ya chini, pale penye geti la ushuru, inaingiza kwa wiki moja kile mnachoingiza ninyi kwa mwaka mzima. Wale wameshapata lami. Fedha inarudi inakotoka."

Diwani wetu ni Lerionka, wa chama tawala, mdogo wake marehemu mume wangu. Alikuwa ameketi meza kuu. Akapiga makofi. Shemeji yangu mwenyewe, anapiga makofi tukiambiwa kwamba sisi ni mzigo.

Nikasimama. "Na yale malori yanayobeba mawe na moramu kutoka mlimani kwetu, ushuru wake unahesabiwa wapi?"

"Unalipwa getini, mama."

"Geti liko kata gani?"

"Kata ya chini."

"Kwa hiyo mawe yetu yakishafika chini yanakuwa ya kwao?"

Watu wakacheka. Arnold akafunga kompyuta na kusema kwamba mfumo ndivyo ulivyo, na kwamba kijiji kilichochagua kupingana na serikali kisishangae kikisubiri. Hayo ya mwisho aliyasema taratibu, lakini tuliokuwa mbele tuliyasikia.

Jumanne, 4 Machi

Jua kali. Nimepalilia karoti kutwa nzima nikigombana na Arnold kichwani.

Alhamisi, 6 Machi

Nimewaita wanawake kumi na wawili nyumbani kwangu, baadhi wa chama chetu, baadhi wa chama tawala. Nimewapikia loshoro ya mahindi na mtindi ili wasiondoke mapema. Nikawaambia: wanasema hatuchangii kwa sababu hakuna aliyehesabu. Basi tuhesabu sisi. Tukae pale korongoni kwa zamu, alfajiri hadi jioni, tuandike kila lori lililoshuka na mzigo, namba yake na saa yake, masika yote.

Mmoja akauliza, "Tukikamatwa?"

Nasieku, jirani yangu, akajibu kabla yangu. Ana mimba ya miezi saba na zaidi, ya kwanza, na hata kuinuka kwenye kigoda anahitaji mkono. "Kuhesabu magari si kosa, yeyo, mama yangu. Mimi siwezi kulima tena kwa sasa. Nipeni zamu ya asubuhi."

Ijumaa, 7 Machi

Malori arobaini na moja.

Jumamosi, 8 Machi

Malori thelathini na sita. Madereva wanatupungia mikono wakidhani tunauza ndizi.

Jumatano, 12 Machi

Mvua imefika. Ilianzia kule juu msituni, tukaisikia kabla haijatugusa. Meru hauonekani. Nasieku amekaa chini ya mwavuli na daftari ndani ya mfuko wa nailoni. Malori thelathini na nane.

Jumatatu, 17 Machi

Tajeu alikuja leo, mwenyekiti wa tawi letu. Huyu ndiye aliyeniingiza kwenye siasa. Akisimama jukwaani hata wazee wanaacha kusinzia, na mimi nimeamini kila alichosema kwa miaka sita. Nikamwonyesha hesabu, nikamwambia mwezi wa nne nitaipeleka baraza la madiwani na kudai kalavati lijengwe kabla mvua hazijaisha.

Alizungusha kikombe cha chai.

"Dada Agnela, tufikiri kama watu wa siasa. Uchaguzi ni Oktoba. Kalavati likijengwa Mei, atalizindua nani? Shemeji yako. Oktoba sisi tutasimama na nini?"

"Tutasimama upande wa pili wa korongo, tumevuka."

Hakucheka. "Korongo lile lina kura mia tatu ndani yake. Liache kwanza."

Nimemsindikiza mpaka mlangoni kwa heshima zote, maana ndivyo nilivyolelewa. Lakini tangu aondoke sijapata utulivu. Arnold anatunyima kalavati kwa sababu tulipiga kura vibaya, na Tajeu anatunyima ili tupige kura vizuri. Mimi sioni tofauti yao kwa mtu aliyelowa mpaka kiunoni.

Jumatano, 19 Machi

Nilishuka mjini na magunia matatu ya karoti, nikauza soko la Kwa Mrombo, kisha nikaenda Kaloleni kununua misumari kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Hetal. Familia yake imefanya biashara pale tangu enzi za babu yake. Nje ya duka palikuwa na lundo la mawe ya kijivu. Nikayatambua kama mtu anavyotambua mbuzi wake.

"Haya yanatoka kwetu," nikamwambia.

"Yanatoka kwenu, na ushuru wake nimelipa mimi," akasema Hetal. "Dereva analipa getini, ananiongezea kwenye bei. Kila safari ananiletea risiti." Akavuta droo na kunionyesha. Kwenye kila risiti, mahali pa chanzo cha mapato, limeandikwa jina la kata ya chini. Hakuna hata moja yenye jina letu.

Nikamweleza mambo ya Arnold. Alisikiliza huku akipima misumari yangu.

"Mama, kila mwaka sisi wa mjini tunaambiwa hatulipi kodi ipasavyo, ninyi wa mlimani mnaambiwa hamchangii. Mimi najua nalipa. Sasa najua na ninyi mnachangia. Toa kopi za zote. Wakiuliza umezipata wapi, wape jina langu, sina cha kuficha."

Nimerudi na risiti mia mbili na kumi kifuani, ndani ya blauzi, zisilowe.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Malori ishirini na tisa. Karoti zinaoza pembeni mwa shamba.

Jumapili, 30 Machi

Baada ya ibada nilimkabili shemeji Lerionka nje ya kanisa, nikamwekea risiti mkononi. Alizisoma zote, moja moja, amenipa mgongo ili azikinge, mvua ikimnyeshea.

"Unataka nifanye nini, shemeji?" akauliza.

"Uzipeleke baraza la madiwani."

"Unajua wataniita nani? Wataniita mpinzani aliyejificha. Jina langu litakatwa kwenye kura za maoni."

"Basi endelea kupiga makofi."

Alinirudishia karatasi na kwenda kwenye gari lake. Nimemwita mwoga kwa sauti, mbele ya waumini. Sijutii.

Jumanne, 8 Aprili

Siku ya sita mvua haijakatika. Maji ya korongo sasa ni ya rangi ya majivu na yanaviringisha mawe makubwa kama vichwa vya ng'ombe. Tunasikia yakigongana tukiwa ndani. Malori kumi na moja tu. Nasieku nimemkataza zamu, amekataa kukatazwa.

Ijumaa, 11 Aprili

Nitaandika yote, kwa sababu wengine watakuja kuandika vingine.

Saa mbili asubuhi Yiamat, mume wa Nasieku, alikuja mbio. Uchungu ulikuwa umeanza kabla ya siku zake na damu ilikuwa inatoka. Wakunga wawili walimtazama wakasema huyu aende zahanati sasa hivi. Zahanati iko ng'ambo, mwendo wa dakika ishirini kukiwa kukavu. Tulimlaza juu ya mlango wa stoo, wanaume wanne wakabeba, sisi tukashikilia turubai juu yake.

Korongo lilikuwa limejaa kutoka ukingo hadi ukingo. Yiamat aliingia na fimbo, maji yakamfika kifuani, yakamwangusha. Tulimvuta kwa kamba ya ng'ombe. Bodaboda wawili walikuwa upande wa pili, wametukodolea macho, wao hawawezi kuja, sisi hatuwezi kwenda. Nilimpigia simu shemeji. Nilimpigia mtendaji wa kijiji. Niliipigia ofisi ya Arnold, nikaambiwa niandike barua.

Tulisubiri pale saa tatu nzima. Nasieku alikuwa amenishika kidole gumba. Hakupiga kelele. Kuna wakati aliniuliza, "Leo yamepita mangapi?" nikamfuta maji usoni.

Saa tano na nusu lori likashuka kutoka mlimani, tupu, maana machimbo yalikuwa yamejaa maji. Dereva wake ni Sifael, namba za lori lake tunazijua kwa moyo, tumeziandika zaidi ya mara hamsini. Aliteremka, akatazama maji, akamtazama Nasieku. Alisema tu, "Mwingizeni mbele." Mimi na Yiamat tulipanda naye. Sifael aliingiza lori majini polepole, mawe yakipiga chuma chini ya miguu yetu, na katikati likayumba nikajua tumekwisha. Halikuzimika. Tulitoka.

Zahanati walifanya walichoweza. Nasieku ameongezwa damu mjini, anaishi. Mtoto alikuwa wa kike. Alizaliwa mzima wa viungo vyote na hakulia.

Muuguzi alinivuta pembeni. "Mngefika mapema kwa saa mbili," akasema, kisha akarudi kwa Nasieku.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Tumemzika mtoto chini ya migomba ya babu yake. Nasieku bado yuko hospitali, hakuwepo.

Tajeu alikuja na vijana wa tawi, bendera na simu za kupigia picha. Alitaka kusema machache. Yiamat akaenda akasimama mbele yake.

"Hii siyo kura yako," akamwambia. "Kunja kitambaa hicho au ondoka."

Tajeu alinitazama mimi, akitegemea nimtetee. Nikamwambia akunje. Akaondoka. Miaka sita ya kumwamini iliishia hapo, na sikuona uzito wowote kuitua.

Jumatatu, 14 Aprili

Leo tumefunga njia.

Tulikuwa wanawake arobaini na kitu. Tulifunga kamba ya ng'ombe kutoka mti wa mgrevilea hadi mwingine, mita kumi kabla ya korongo, tukasimama nyuma yake. Lori la kwanza lilikuwa la Sifael. Alizima injini.

"Shilingi ngapi, mama zangu?"

"Hatutaki shilingi," nikasema. "Tukichukua shilingi watatufunga, na watakuwa na haki. Tunataka mawe. Kila lori liache mawe ishirini, yale ya kushika kwa mikono miwili. Halafu linapita."

Sifael alitutazama, tukamshushia kamba. Akageuza lori, akalirudisha nyuma hadi ukingoni, akainua bodi na kumwaga mzigo wote.

"Tajiri mwenye lori nitamwambia nilikwama," akasema.

Malori kumi na tisa yamepita leo. Madereva wawili walitutukana. Wote wameacha mawe.

Jumanne, 15 Aprili

Mawe tunayo, lakini hakuna anayejua kuyapanga yasizolewe. Mchana Yiamat akaja na nyundo na uzi. Ni fundi mawe. Hakusalimia mtu. Alipima, akaingia majini, akaanza kuweka jiwe la kwanza.

Alhamisi, 17 Aprili

Sifael ameleta marobota matatu ya waya wa kufumia makapu ya mawe kutoka kwa Hetal. Hayana risiti, yana karatasi tu: "Mchango wangu. Huu nataka uhesabiwe kwenu."

Jumamosi, 19 Aprili

Habari zimepanda kutoka mjini kabla ya mwenyewe kufika. Juzi kwenye baraza la madiwani Lerionka alisimama na kopi za risiti. Kumbe siku ile kanisani, aliponipa mgongo, alizipiga picha. Aliambiwa aketi. Hakuketi. Akaambiwa hoja yake haimo kwenye ajenda. Akasema hata yule mtoto hakuwa kwenye ajenda. Wakazima kipaza sauti, akaendelea kwa sauti yake, na wenzake wawili wa chama chake wakapiga meza kumuunga mkono.

Leo asubuhi alikuja korongoni, amevaa shati lake la chama, akaanza kupasisha mawe kwenye mstari kati yangu na mwanamke mwingine. Tulifanya kazi zaidi ya saa nzima.

"Shemeji, shati linachafuka," nikamwambia hatimaye.

"Lilichafuka siku ile nilipopiga makofi."

Nilimwita mwoga mbele ya kanisa zima. Kesho ni Pasaka. Nitamwomba radhi mbele ya kanisa hilo hilo.

Jumapili, 20 Aprili

Nimemwomba. Alitazama chini kama mtoto.

Jumanne, 22 Aprili

Kivuko kimefika ng'ambo. Mita kumi na nne, makapu ya mawe yamefungwa kwa waya, maji yanapita juu kidogo na chini sana. Sifael alipita wa kwanza, ameshusha kioo, hapigi honi, kwa heshima ya msiba. Nasieku amerudi nyumbani kwa kupita hapo hapo. Aliomba gari lisimame katikati. Alikaa akitazama maji, kisha akamgusa dereva begani waendelee.

Ijumaa, 25 Aprili

Naandika nyumbani. Juzi saa nne asubuhi Arnold alikuja na askari wawili. Gari lao lilivuka korongo vizuri kabisa. Akaniuliza kama mimi ndiye kiongozi wa waliofunga njia. Wanawake wakaanza kusema kwa pamoja kwamba ni wao, kila mmoja akitaja jina lake kamili na la baba yake ili askari aandike vizuri. Askari kalamu ikamshinda. Nikasema ni mimi, wakanichukua.

Nimelala mahabusu usiku mmoja. Lerionka alinidhamini, na jana hiyo hiyo chama chake kimemwandikia barua ya kumsimamisha. Nilipomwambia pole, akasema, "Shemeji, sijalala vizuri hivi tangu niwe diwani."

Jumatatu, 28 Aprili

Tumerudi kuhesabu. Nasieku ameomba zamu yake. Malori thelathini na tatu.

Jumatano, 7 Mei

Mahakama ya mwanzo. Kijiji kilikuja chote, waliokosa nafasi walisimama madirishani. Hakimu ni mwanamke wa makamo, mwenye sauti ndogo.

Nilisomewa makosa mawili: kukusanya ushuru bila kibali, na kufunga barabara ya umma. Nikakana yote mawili.

"Ushuru gani uliokusanywa?" hakimu akamuuliza Arnold, ambaye ndiye mlalamikaji.

"Mawe, mheshimiwa."

"Yako wapi hayo mawe?"

Arnold akapekua karatasi zake. Nikaomba ruhusa ya kusema. "Mheshimiwa, yako korongoni. Mlalamikaji alipita juu yake alipokuja kunikamata. Hakulowa."

Watu walicheka mpaka karani akagonga meza. Hakimu hakucheka, ila alipiga kalamu mstari juu ya kosa la kwanza. Akahamia kosa la pili.

"Barabara hii ni ya umma?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Ionyeshe kwenye orodha ya barabara za halmashauri."

Arnold alifungua kompyuta yake. Alishuka nayo, akapanda nayo. Alitoka nje kupiga simu, akarudi. Jasho lilikuwa limemjaa shingoni. Ndipo Lerionka akanyoosha mkono kutoka benchi la mashahidi.

"Mheshimiwa, atatafuta mpaka jioni. Haimo. Kitabu cha barabara tulikipitisha sisi madiwani mwaka jana, na mimi nilinyoosha mkono bila kufungua ukurasa wa kata yangu. Nimeufungua wiki iliyopita. Kwa halmashauri, pale hapana barabara. Ni mapori."

Nilishikwa na ghadhabu kuliko furaha. Miaka yote tuliyokuwa tukiomba kalavati, tulikuwa tunaliombea mahali ambapo kwenye vitabu vyao hapapo.

"Basi mshtakiwa amefunga pori," akasema hakimu. "Kesi imefutwa."

Nje, Arnold alinifuata hadi chini ya ngazi. Hakuwa nadhifu tena.

"Mama Agnela, usishangilie. Tutaiandikisha hiyo barabara, na tutakushtaki upya."

"Iandikishe leo," nikamwambia. "Nitarudi kwa nauli yangu."

Jumatatu, 12 Mei

Mvua zinapungua. Nimepanda viazi.

Jumatano, 21 Mei

Malori arobaini na manne. Tangu Machi, jumla elfu moja mia nane na tisini. Nimeibandika kwenye mlango wa ofisi ya kijiji kwa herufi kubwa. Mtendaji ameniambia ataing'oa. Hajaing'oa.

Alhamisi, 29 Mei

Leo mhudumu wa ofisi ya kata aliniletea bahasha mbili, zote zina muhuri wa halmashauri.

Ya kwanza inasema njia ya Ilmorijo imeingizwa rasmi mwezi huu wa Mei kwenye orodha ya barabara, imepewa namba, na itatengewa fedha za matengenezo mwaka ujao wa fedha. Inasema pia kituo cha kuhesabia malori kitawekwa huku juu, ili mapato yaandikwe kwenye kata yanakotoka. Hakuna jina la mtu yeyote aliyeomba hayo.

Ya pili ni wito wa mahakama. Kufunga barabara ya umma, tarehe kumi na nne Aprili.

Nasieku alikuwa kwangu. Alinisomea ya pili mara mbili, kisha akauliza, "Utakwenda?"

"Nitakwenda. Hakimu ataniuliza nilifunga barabara hii lini, nitamtajia tarehe. Kisha nitamwomba awaulize wao ilizaliwa lini kwenye vitabu vyao. Wataje tarehe hiyo mbele ya watu wote, nasi tutaje tarehe tuliyomzika mwanao, na karani aziandike zote kwenye ukurasa mmoja."

Nasieku alikunja barua taratibu, akairudisha kwenye bahasha yake.

"Siku hiyo," akasema, "nitakaa benchi la mbele."

Nimesaini kwamba nimepokea zote mbili.